Dishi la wavu, makopo mawili na gesi ya galaksi

Haya, karibuni tena. Swali ni lilelile kila wiki: "Ninyi huko Afrika Kusini mna MeerKAT, ile darubini ya redio, sisi wa Tanga na Kisumu tufanyeje kunasa mawimbi ya galaksi?" Kabla hamjasema najigamba, yale madishi 64 ya mita 13.5 pale Karoo si yangu. Na silalamiki, najibu.

Galaksi za mbali hutazipata nyumbani. Haidrojeni, gesi inayozaa nyota, hutoa wimbi la sentimita 21, yaani megahezi 1420.4. Ulimwengu unatanuka, hivyo wimbi la mbali huvutwa safarini; likivutwa mara 1.4, linafika likiwa megahezi 1015 hivi, ndani ya masafa ambayo ndege hupimia umbali. Hata MeerKAT inahangaika hapo.

Ila gesi ya Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe, unainasa. Tafuta lile dishi kubwa la TV la wavu, la zamani, mita 1.8, matundu yasizidi sentimita 2. Lehemu kwa risasi makopo mawili ya maziwa ya unga yenye kipenyo cha sentimita 15, moja litolewe kitako, urefu ufike 28; kopo hilo likae mbele ya dishi, mdomo ukitazama wavu. Kipenyo kikiwa chini ya sentimita 12.4 wimbi halipiti kabisa, kwa hiyo kopo dogo la kahawa liache. Waya wa shaba wa sentimita 5 uingie ubavuni, sentimita 9 kutoka kwenye kitako. Amplifaya yenye kichujio cha 1420 ikae palepale kwenye kopo. Wengi huiweka kwenye kompyuta, mita 10 za kebo zinameza mawimbi, halafu wanalaumu dishi.

Kipokezi cha USB, kijifaa cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta, kitegeshe 1420.0, si 1420.4, maana katikati ya skrini huota mwiba wa uongo. Rekodi dakika 5 ukielekeza Njia Nyeupe, 5 pembeni, kisha gawanya ya kwanza kwa ya pili. Kama hakuna nundu karibu na 1420.4, elekeza kopo ardhini: kelele isipopanda, huenda amplifaya haina umeme.

Sasa pesa, na hapa naudhika kweli. Kipokezi hicho cha dola 40 hivi, forodha inahesabu bei pamoja na nauli, kisha VAT juu yake, asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania Bara. Mwanafunzi anatozwa kodi ya nauli! Mimi ningeagiza vyote kwa mzigo mmoja, ankara iandikwe "kipokezi tu, hakirushi mawimbi", maana ikiandikwa "redio" peke yake unaweza kudaiwa kibali. Hayo ni maoni yangu. Wewe muulize wakala wako kwanza, kabla hujalipa.