Simameni kwenye meza ya maua yasiyo na jina

Ndugu zangu, karibuni. Sitaanza kwa kueleza gladiola ni ua gani. Mnalijua, wengine mmelipanda kwenye viwanja vyenu vya halmashauri hapa Uingereza, na waliobaki mmelinunua dukani likiwa bado limefumba. Nimekuja kusema jambo lile lile ninalolisema kila mwaka Agosti ikikaribia, na nitaendelea kulisema, kwa sababu kila mwaka nawaona watu wetu wakipita mbio. Mnaingia kwenye hema la maonyesho ya maua, mnakwenda moja kwa moja kwenye suke, lile shina refu la maua yaliyopangana, lililovikwa utepe wa bingwa, mnapiga picha mkiwa mbele yake, mnatoka kutafuta chai. Halafu mnarudi nyumbani mkisema mmeona maua ya mwaka huu. Hamjayaona!

Maua ya mwaka huu yako kwenye meza ya pembeni, mara nyingi karibu na ukuta wa hema, ambako kadi hazina majina. Zina namba tu. Ile ni meza ya miche ya mbegu, na ndiyo meza ninayowaomba msimame.

Gladiola yenye jina huongezwa kwa matunguu, yale yanayokaa chini ya udongo kama vitunguu. Tunguu huzaa tunguu, na yote hutoa ua lile lile. Mbegu haina utii huo. Kila mbegu ni mtoto mwenye sura yake, na hata ndugu waliotoka kwenye ganda moja hawafanani. Mzalishaji huchukua chavua ya ua hili akaipaka kwenye ua lile, akakusanya mbegu, akazipanda. Msimu wa kwanza anapata jani jembamba na kitunguu kidogo mno. Ua la kwanza litakuja msimu wa pili au wa tatu. Hapo anatembea kati ya mamia ya miche na kung'oa karibu yote. Anaobakiza ni wachache sana, na hata hao lazima wazae matunguu ya kutosha, wapandwe tena, waonekane kama wanavumilia magonjwa na mwaka wa mvua mbaya, ndipo mmoja apewe jina na kuuzwa. Kwa hiyo ile kadi yenye namba mnayoipita ni kazi ya miaka mingi ya mtu, na pengine siku hiyo ndiyo ya kwanza kwa ua hilo kuonekana na macho ya mgeni.

Najua kuna atakayesema: mwalimu, mimi si mwamuzi, nitajuaje kizuri? Macho unayo. Anzia chini ya suke upande juu. Suke la maonyesho lililokatwa kwa wakati wake huwa na theluthi moja iliyofunguka, theluthi moja inayoonyesha rangi, na theluthi ya juu ingali kijani. Tazama kama maua yote yanaelekea mbele, kama yamekaa karibu bila pengo, kama yanapungua ukubwa taratibu kuelekea ncha. Tafuta michirizi ya fedha kwenye petali, hiyo ni kazi ya thripsi, wadudu wadogo sana. Tafuta mabaka ya rangi iliyokatikakatika, hiyo mara nyingi ni virusi. Shina likiwa limepinda, ujue huenda suke lilisafirishwa likiwa limelazwa. Gladiola ukiilaza, ncha yake hujiinua kutafuta juu na hairudi tena. Haya unayajua kwa kutazama, wala hayahitaji cheti.

Ila kwa ua jipya kuna swali zaidi, na hili ndilo linanikera watu wasipoliuliza: linafanya nini ambacho yaliyopo hayafanyi? Likiwa jekundu zuri tu, tuna mekundu mazuri tele. Simama, geuka, tazama meza ya yale yenye majina, kisha rudi. Fanya hivyo mara kadhaa. Usione haya, hakuna anayekufukuza.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linatuhusu sisi hasa, na hapa mtanivumilia, maana nikifika hapa huwa sitoki haraka.

Mwaka 1841, huko Ghent nchini Ubelgiji, mfanyabiashara wa mimea Louis Van Houtte alianza kuuza gladiola chotara iliyoitwa gandavensis. Ndiyo mojawapo ya misingi ya gladiola hizi kubwa za leo. Mzazi wake mmoja ni ua tunaloliita kitaalamu Gladiolus dalenii. Hilo ni la Afrika. Linaota kuanzia Afrika Kusini mpaka Ethiopia, kwenye nyasi na vilima vya Tanzania na Kenya pia, la machungwa, la njano, au la kahawia yenye kijani na madoa. Wengi wenu mlilipita mkienda shule.

Lakini machotara ya mwanzo yalikuwa na upungufu. Mekundu yalikuwapo, ya waridi yalikuwapo, meupe yalikuwapo. Njano safi na samoni laini, ile rangi ya waridi yenye machungwa, zilikuwa adimu. Mwaka 1890 mtaalamu wa mimea John Gilbert Baker wa bustani za Kew, London, alieleza gladiola ya njano iliyotoka milima ya Usagara. Usagara, ndugu zangu! Ile ya kule kwetu, Kilosa na Mpwapwa. Akaiita primulinus. Wakulima wa maua hawakuishughulikia sana wakati huo. Kisha likaja daraja la reli kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale ya Victoria, lililofunguliwa 1905. Watu wa daraja waliona ua hilo hilo la njano likiota kwenye manyunyu ya maporomoko, na kwa njia ya mhandisi Francis Fox matunguu yakafika Uingereza. Wakaliita binti wa ukungu, na safari hii kila mzalishaji alilitaka. Ndani ya miaka michache njano, machungwa na samoni zikajaa kwenye meza za maonyesho. Kule Indiana, Marekani, Amos Kunderd, yule aliyetupatia petali zenye mawimbi, alilichanganya na mimea yake. Leo wataalamu wa mimea wanalihesabu ua hilo kuwa ni dalenii ile ile, umbo moja tu kati ya maumbo yake mengi.

Petali yake ya juu imeinama mbele kama kofia na kuzifunika stameni, zile nyuzi zenye chavua. Watu wa wakati ule walisema kofia hiyo iliumbwa kukinga manyunyu ya maporomoko. Hadithi tamu, na mpaka leo utaisikia hemani. Mimi siikubali. Kofia hiyo ipo kwenye dalenii za vilima vikavu visivyo na maporomoko hata kidogo. Mgeni anayelitembelea ua hilo ni ndege chozi. Akiingiza mdomo kufuata nekta, chavua iliyo chini ya kofia inamgusa kichwani. Ua limejengwa kwa ajili ya chozi.

Ndiyo maana nasema tazameni umbo kabla ya rangi. Wazalishaji wa gladiola kubwa walitumia miaka wakiifungua kofia ile, ua likawa bapa na pana. Wengine wakaitunza, na ndiyo aina za primulinus zinazoshindanishwa peke yake mpaka leo, nyembamba, zenye maua yaliyoachana kidogo. Mtu akija kuniambia kwamba hizo ni gladiola zilizodumaa, nakasirika kweli. Zimebaki karibu na bibi yao kuliko zote mle hemani. Na mwamuzi anayemkata alama primulinus kwa sababu maua yake hayakubanana hajui anachokihukumu.

Tuendelee. Orodha za gladiola za Marekani Kaskazini huipa kila aina namba ya tarakimu tatu, na namba hizo mtazikuta kwingi. Tarakimu ya kwanza ni ukubwa wa ua, 1 kwa dogo kabisa mpaka 5 kwa kubwa kabisa. Mbili zinazofuata ni rangi na uzito wake, na ya mwisho ikiwa witiri, ua lina alama inayoonekana wazi. Kwa hiyo 558 ni kubwa kabisa, jekundu linalokaribia weusi. 404 ni la kijani. Nawaomba mtafute miaka ya tisini, ndivyo ninavyoyaita yale yanayoanza na 9 katika rangi: hudhurungi, moshi, kahawia. Watu huyapita wakisema yamenyauka. Hayajanyauka. Ukikaa nayo kidogo utaona zambarau chini ya kahawia, na kijivu kwenye ukingo, rangi ambazo picha ya simu haizishiki. Mwanga wa hema jeupe ndio unaozitendea haki.

Halafu nuseni. Gladiola za bustani karibu zote hazina harufu, kwa hiyo watu wameacha hata kujaribu. Lakini kuna Gladiolus murielae ya Afrika Mashariki, nyeupe yenye doa la zambarau iliyokolea, inayonukia jioni kwa ajili ya nondo. Huko New Zealand waliichanganya na gladiola ya bustani wakapata 'Lucky Star', yenye harufu. Njia hiyo bado ni nyembamba. Ukikuta mche usio na jina unaonukia, mtafute mwenye nao umwambie umeunusa. Wazalishaji hukaa karibu na meza zao kutwa nzima na watu hawawasemeshi.

Naona muda unanikimbia, na nilikuwa na mengi ya ua jingine, dalia. Niseme moja tu: 'Bishop of Llandaff', iliyotokana na mbegu za Fred Treseder wa Cardiff mwaka 1924, bado inapandwa kwa sababu ya majani yake meusi, si ukubwa wa ua. Kwenye dalia mpya tazameni majani, na geuzeni ua mtazame shingo, pale linaposhikana na shina. Kwenye yungiyungi tazameni ua linaelekea wapi. 'Star Gazer' ya Leslie Woodriff ilibadili biashara nzima kwa kuinua uso juu. Ua la krokosmia nitaliacha, ingawa nalo ni la kwetu, na anayetaka aniulize baadaye.

Mnaokwenda kwenye maonyesho Jumamosi ijayo, andikeni majina kwenye karatasi iliyo mlangoni. Waamuzi humaliza kabla milango haijafunguliwa, kwa hiyo tukiwa getini saa tatu tutapata meza ya pembeni kabla watu hawajajaa. Mama Salma, njoo na miwani yako ya kusomea, ile kadi ya namba huandikwa kwa herufi ndogo.