Kasa Asipimwe kwa Wastani

Mabibi na mabwana, wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi: kwenye kanuni ya kutoa nembo kwa uvuvi unaonasa kasa, nami nitaendelea kuanzia hapo mpaka kanuni hiyo ibadilike. Uvuvi unaoomba nembo ya buluu ya Marine Stewardship Council, shirika lililoanzishwa mwaka 1997 ambalo nembo yake humwambia mnunuzi kwamba samaki wamevuliwa kwa njia endelevu, hupimwa kwa misingi mitatu: wingi wa samaki wanaovuliwa, athari kwa mazingira ya bahari, na usimamizi. Kila msingi una viashiria vyake; kila kiashiria lazima kipate angalau alama 60 kati ya 100, na wastani wa kila msingi ufikie 80. Hapo kwenye wastani ndipo kasa wanapopotea. Uvuvi wa mishipi mirefu unaweza kupata alama hafifu kwa viumbe walio hatarini, wakiwemo kasa, kisha ukafidiwa na alama za juu za sakafu ya bahari, ilhali ndoana zinazoelea karibu na uso wa maji haziigusi sakafu hiyo kabisa! Sifa ya kutoharibu mahali usipofika inawezaje kulipia kasa uliyemnasa?

Mtaniambia kwamba alama iliyo chini ya 80 huambatana na sharti la marekebisho. Ni kweli, na sharti hilo ni jambo jema. Lakini kwa kawaida hupewa muda ndani ya miaka mitano ya cheti, na muda wote huo nembo imekwisha kubandikwa kwenye pakiti, mnunuzi akiamini kwamba kazi imekamilika. Duvi, mojawapo ya aina za kasa, akiwa jike huweza kuishi miaka 20 na zaidi kabla hajataga kwa mara ya kwanza. Akifa leo, marekebisho ya miaka mitano ijayo hayamrudishi.

Wala msiniambie kwamba njia hazijulikani. Kwenye nyavu za kukokota za kuvulia kamba wa baharini hufungwa kichujio cha fito za chuma: kamba hupenya katikati ya fito, naye kasa, ambaye hupumua kwa mapafu na angezama humo, huteleza kwenye fito hizo hadi kwenye mlango wa kutokea. Sheria ya Marekani ya mwaka 1989 ilifanya ulinzi wa kasa kuwa sharti la kuingiza kamba nchini humo, bila kusubiri wastani wowote. Kwenye mishipi, ndoana ya mviringo hunasa zaidi kwenye taya, ilhali ile yenye umbo la J humezwa hadi kooni.

Tathmini hupokea maoni ya wadau kabla cheti hakijatolewa. Andikeni, mkidai kiashiria cha viumbe walio hatarini kifikie 80 peke yake kwanza.