Gonga Kengele Halafu Ukimbie

Haya asanteni, kaeni kaeni, wa nyuma sogeeni viti vipo, mbona kwenye harusi mnagombania meza za mbele. Mwenyekiti kanipa dakika 20 na ananijua vizuri, ndo maana kakaa na simu mkononi. Nimeombwa niongelee jinsi Wayahudi wa hapa Marekani wanavyosaidia familia zao, kwa sababu niko kwenye shirika lao moja la huduma za familia mwaka wa 9 sasa, na wengi wenu mnanijua kwenye grupu la WhatsApp, mimi ndo yule anayelalamika kila kadi ya mchango wa harusi ikipita. Ndiyo, huyo huyo.

Kwanza huo mkono naouona pale unaanza kupanda, shusha. Siasa za Mashariki ya Kati tutaziongea nje na kahawa, maoni ninayo na ni makali. Humu ndani naongelea mama mwenye watoto sita na friji tupu. Na kama unataka kuuliza mwanamke wa Tanga na ushungi wake alifikaje kule, nilipelekwa na bili ya umeme. Nikakuta wafanyakazi wengi sio Wayahudi, na wateja vilevile, na kuna ndugu zetu wa Kongo mmekaa humu mnajua wenyewe ni shirika la nani lilikuja kuwapokea eapoti.

Sasa Alhamisi usiku. Hii stori wengine mmeshaisikia, vumilieni.

Ijumaa jua likizama Sabato yao inaingia, na Sabato bila kuku, bila ile mikate miwili ya kusuka kama nywele, bila juisi ya zabibu na mishumaa, ni kama Idi bila pilau, watoto wanajua kabisa kwamba nyumbani leo kuna shida. Kwaiyo Alhamisi jioni watu wanakutana godauni, meza ndefu, maboksi yanapita, huyu anatia kuku huyu viazi huyu mkate, kuna mwanasheria na tai yake shingoni anapanga vitunguu. Wiki yangu ya pili nikapewa maboksi sita na karatasi ya anwani. Majina hakuna, anwani tu. Nyumba ya kwanza nikabisha kama nilivyolelewa, hodi, hodi tena, nikasimama na boksi langu kifuani nikisubiri. Mlango ukafunguliwa na baba mmoja, kavaa suti nyeusi, kaniona, kaona boksi, uso ukashuka mpaka hapa. Mimi sasa na adabu zangu za Tanga, habari za jioni, watoto hawajambo, baridi imeanza eeh? Yule baba kapokea boksi kama mtu anayepokea samansi, kafunga mlango. Hata asante hakuna.

Nikarudi nimenuna. Nikamwambia mama aliyekuwa ananifundisha kazi, mzee wa miaka sabini na kitu, nikamwambia yule bwana hana adabu. Akaniuliza, ulisubiri akufungulie? Nikasema ndiyo, si ndo ustaarabu. Akaweka kikombe chini. Akasema mwanangu, gonga kengele halafu ukimbie, ukibaki mlangoni umemuuzia lile boksi, na bei yake ni uso wake.

Jamani. Mimi niliyekulia kwenye lugha yenye neno sitara nikafundishwa sitara na bibi wa Kiyahudi kwenye maegesho ya magari.

Najua mnachotaka kusema, boksi litaibiwa. Naulizwa kila ninapokwenda! Unarudi kwenye gari, unazima taa, unasubiri mlango ufunguliwe, ukishafungwa unaondoka. Na ndiyo nimewahi kukimbia nikateleza kwenye barafu na kuku wa watu mkononi, tuache hiyo. (kicheko)

Na hawakulianzisha juzi hili. Musa bin Maimun, yule mwanachuoni wao aliyekuwa tabibu kule Misri na kufariki 1204, alipanga utoaji sadaka ngazi nane. Ya chini kabisa ni kutoa huku umekunja uso. Ya pili kutoka juu ni mtoaji hamjui mpokeaji na mpokeaji hamjui mtoaji, ndiyo yetu sisi wa kukimbia. Na ya juu kabisa sio zawadi ya kupita tu, ni kumshika mtu kabla hajaanguka, umkopeshe, uingie naye ubia, umtafutie kazi, asihitaji tena kuomba. Mkopo uko juu ya sadaka! Na mkopo wenyewe hauna riba, Kutoka 22:25, kasomeni. New York mwaka 1892 watu wachache walikusanya dola 95, ndiyo, 95 tu, wakaanzisha chama cha kukopesha bila riba, mtu anachukua dola tano dola kumi ananunua mkokoteni anauza ndizi, wadhamini wake wanasaini, analipa kidogo kidogo. Chama kipo mpaka leo. Sisi kwetu tuna nini? Tuna mikopo ya kausha damu, ya riba kali. Mtu anakopa laki kulipia kitanda cha hospitali, wiki ya tatu wanakuja kubeba kitanda cha nyumbani.

Haya ngoja niseme kitu changu cha siku zote maana Mwenyekiti anaangalia saa. Sisi sio wachoyo. Mtu akifariki hapa, ndani ya siku tatu maiti iko kwenye ndege, nasema kweli nawavulia kofia. Harusi ndo usiseme, kamati ina mwenyekiti, mweka hazina, mtu wa vinywaji, mtu wa mapambo, inakaa vikao kumi na mbili, inapiga simu mpaka kwa watu walioachana na ukoo. Sherehe inapita, picha zinapita, mwaka wa pili bibi arusi anakaa bafuni amefungua bomba ili watoto wasisikie analia. Kamati iko wapi? Mweka hazina yuko wapi? Tukisikia tunasema wakae wayamalize, ndoa ni siri ya watu wawili. Siri ya watu wawili tuliyoila biriani watu mia nne!

Wenzetu waliajiri watu. Yani kazi ya mtu kutwa nzima, na ofisi, na mshahara, ni kukaa na mume na mke wanaogombana, au na kijana anayejikata mikono, au na baba aliyepoteza kazi na kila asubuhi anavaa suti anaenda kukaa maktaba. Chumba chenyewe kiko koridoni karibu na ofisi ya kusaidia mambo ya kazi na karibu na mahali wazee wanapofanya mazoezi ya viti, kwaiyo ukionekana pale hakuna anayejua umefuata nini. Malipo wanaangalia kipato chako. Hilo la koridoni mtu mwingine anaweza akaliona dogo. Mimi nimeona watu wanageuza gari kwa sababu mlango una kibao.

Ila msidhani ni malaika. Kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wana neno shanda, maana yake aibu, na linafanya kazi ile ile ya aibu yetu, usimtoe mwenzio nje, watu watasemaje, nani ataoa dada zako. Kwenye jamii za kidini sana ambako ndoa zinatafutwa na washenga, familia inaficha ugonjwa wa akili wa mtoto mmoja ili wengine wasikose wachumba. Watu wamenyamazishwa kwa maneno ya dini, ukisema ni umbeya, ukienda polisi umewasaliti wenzio, na watoto wameumia kwa sababu hiyo, na wao wenyewe ndo wanaopigana nalo leo kwa kelele. Kwaiyo sitara sio kuficha. Hapa ndo watu wananichanganya kila mwaka, wanasema dada si ulisema tusitirie? Nilisema tumsitiri mwenye shida. Sikusema tumsitiri aliyemletea shida.

Mfano, na huu naupenda mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 New York ilijaa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki, wamebanana kwenye vyumba vya kupanga, wanashona nguo usiku na mchana. Waume wakaanza kupotea. Anatoka kununua sigara, anakwenda Chicago, anaoa mwingine. Mke kabaki na watoto wanne, na kwa sheria yao mpaka mume ampe talaka ya kidini kwa karatasi na kwa hiari yake, huyo mke hawezi kuolewa tena, wanamwita aguna, aliyefungwa. Wakaona mifuko ya misaada inaisha kwa kulisha familia za wanaume wazima wanaokula raha mji mwingine. Basi 1911 wakafungua ofisi kabisa, Ofisi ya Taifa ya Waliotelekeza Familia, kazi yake kusaka waume. Na wakachapisha picha zao gazetini! Gazeti la Forward, la Kiyidi, ambalo kila fundi cherehani alilisoma, likawa na ukurasa wa picha za waume waliopotea, uso wako, jina lako, umetoka wapi, umeacha watoto wangapi. Hebu piga picha umekaa Chicago kinyozi anakunyoa, anafunua gazeti, anaangalia gazeti, anakuangalia wewe.

Sasa linganisha. Mama wa watoto wanne analetewa boksi gizani hata jirani hajui, baba yao anabandikwa gazetini. Sisi tunafanyaje? Mwanamke aliyeachwa tunamjua mtaa mzima, tunamnyooshea kidole, kashindwa kumtunza mume. Mwanaume yuko meza kuu kwenye harusi nyingine, tena ndo mgeni rasmi.

Mwenyekiti nimekuona. Dakika tano. Haya tatu.

Hao aguna wapo mpaka leo, ila siku hizi marabi wengi wanataka wachumba wasaini mkataba kabla ya ndoa kwamba wakitengana na mume akakatalia talaka, analipa, mkataba unaotumika sana unasema dola 150 kwa siku. Kwa siku! Nilikuwa na mengi hapo, tuyaruke. Vipimo vya damu nilitaka nivisemee, kuna ugonjwa wa kurithi kwa wazazi wote wawili unaitwa Tay-Sachs unaoua watoto wadogo, rabi mmoja wa Brooklyn alipoteza watoto wanne, 1983 akaanzisha mpango vijana wanapimwa wanapewa namba, sio jina, kabla ya uchumba mnapiga simu na namba mbili mnaambiwa mnafaa au hamfai, basi, hakuna anayetangazwa. Wa selimundu, nao ni wa kurithi, niko nanyi, tuongee baadaye.

Wazee lakini siwezi kuwaruka, maana nusu ya humu ndani mnalea wazee majumbani na wengine mmepangiwa manusura wa mauaji ya Hitler, na hakuna aliyewaeleza kitu. Gharama za wengi wao zinasaidiwa na hela ambazo baraza lao la madai limekuwa likidai kwa Ujerumani tangu 1951, ndo maana mnaona wanapewa masaa mengi ya huduma kuliko wateja wengine. Nina bibi mmoja alikuwa anaficha mkate chini ya mto. Mlezi wake, dada wa kwetu kabisa, msafi, akawa kila asubuhi anautupa, na kila asubuhi bibi anapiga kelele, wakaandika kwenye faili bibi mkorofi. Bibi alipokuwa na miaka kumi na moja mkate ule ndo ulikuwa kesho yake! Tukampa kopo lenye mfuniko, mkate unakaa humo pembeni ya kitanda, unabadilishwa yeye akiona kwa macho yake. Kelele zikaisha. Na bafuni usimfungulie maji ya juu bila kumwambia, usimpangishe foleni ya chakula, na usimwambie vua nguo kwa sauti ya amri, hata kama una haraka ya zamu nyingine, maana vyote hivyo vinamrudisha kwenye kambi za Hitler.

Sawa sawa Mwenyekiti nakaa. Habari ya matanga yao ya siku saba nimeiacha, matanga sisi tunayajua. Ila kuna karatasi pale mlangoni, Alhamisi ijayo tunaanza na sisi, familia sita za humu humu kwetu. Nataka madereva wawili wenye gari lisilopiga kelele. Majina ya familia msiniulize, sitawaambia, na wewe mama Jeni nakuona unavyohesabu watu kwa macho, acha. Njooni na viatu vya kukimbilia.