Muuaji na Msamehevu Chini ya Paa Moja

Ndugu zangu, wapo humu waliokwisha kunisikia nikilisema hili, na leo nalirudia. Mwanaume anayemuua dada yake kwa jina la heshima ya ukoo hapandwi na wazimu. Amepiga hesabu. Anajua nani atamshtaki na nani atamsamehe, na mara nyingi ni watu walewale anaokula nao sahani moja.

Mtazameni Qandeel Baloch. Alijulikana Pakistan nzima kwa video zake mtandaoni, na kipato chake ndicho kilichowatunza wazazi wake. Julai 2016, huko Multan, kaka yake alimnyonga, kisha akasimama mbele ya waandishi wa habari akasema hajutii, kwa kuwa dada ameitia familia aibu. Pesa za dada huyo zilipokuwa zikiingia nyumbani, aibu ilikuwa wapi?

Sheria ya huko iliwaruhusu warithi wa marehemu kumsamehe muuaji. Sasa muuaji akiwa kaka, warithi ni akina nani? Ni baba na mama yake mwenyewe! Binti wameshamzika, halafu wanaambiwa waamue kama na kijana naye aende. Baba alianza kwa kusema hasamehi kabisa. Oktoba mwaka huohuo Bunge likaziba mwanya: anayeua kwa kisingizio cha heshima, hata akisamehewa, afungwe maisha. Mwaka 2019 kijana akafungwa maisha kweli. Februari 2022, licha ya sheria hiyo mpya, Mahakama Kuu ya Lahore ikamwachia huru, mama akiwa amekwisha kumsamehe. Miaka mitatu haikutimia. Sheria ilibadilika, lakini nyumbani hakukubadilika kitu.

Najua kuna anayenong'ona hapo nyuma kwamba hizo ni mila zao, dini yao. Hapana, bwana! Italia ilikuwa na kifungu cha 587: mwanaume akimfumania mke, binti au dada yake, akamuua kwa hasira ya heshima, adhabu yake ni miaka 3 hadi 7. Kilifutwa 1981. Ufaransa nayo ilikuwa na nafuu ya namna hiyo kwa mume hadi 1975. Waliotunga ni wanaume waliojiona wenye mali, na mali yenyewe ni mwanamke.

Kuhusu akina mama wanaoshiriki, na wavulana wanaolelewa kuwa walinzi wa dada zao, naona muda umenitupa mkono. Ila hili sitaliacha. Banaz Mahmod, binti wa miaka 20 jijini London, aliwapelekea polisi majina ya watu aliosema watamuua. Januari 2006 wakamuua, kwa amri ya baba na ami yake. Kwa hiyo binti akija kwako akasema nyumbani wanataka kuniua, usimwite baba yake mje mkae mzungumze. Usimtafute mjomba awe mpatanishi, wala ndugu awe mkalimani. Mfiche kwanza.