Banda la kuku sita kwenye baridi ya Minnesota: anza na hewa

Watu wa nyumbani, hamjambo. Huku Minnesota, usiku wa Januari kufika nyuzi 13 chini ya sifuri ni kawaida, na ziko siku unapita hata 20. Ndiyo maana kila anayetaka kufuga huuliza: banda niliminye kiasi gani ili kuku wapashane joto? Hapo ndipo mambo huharibika. Kuku mwenyewe ni jiko: mwili wake una nyuzi kama 41, na manyoya ndiyo blanketi. Adui yake ni unyevu, unaotoka kwenye pumzi yake na kinyesi chake. Ukiziba kila tundu, unyevu hauna pa kwenda. Unatua kwenye kilemba, ile nyama nyekundu ya kichwani, kisha unaganda, na ncha zinageuka nyeusi.

Basi vipimo. Plaiwudi ya huku ni futi 4 kwa 8, sawa na ile ya soko la Gikomba, Nairobi. Chukua shiti moja nzima iwe sakafu, usikate chochote. Umepata futi 32 za mraba. Kanuni ya wafugaji ni futi 4 za mraba kwa kuku mmoja ndani, kwa hiyo hesabu inakupa kuku 8. Weka 6. Theluji ikianguka, kuku wengi hugoma kuikanyaga, wanashinda ndani mchana kutwa, na wakibanana wanadonoana mpaka damu. Uwanja wa nje uhesabu futi 10 za mraba kwa kila mmoja, na uuezeke, la sivyo utakuwa unakoroga theluji hadi Machi.

Sasa urefu, na hapa sikilizeni vizuri. Mbele futi 6 na nusu, nyuma futi 5. Mteremko huo unabwaga theluji, lakini sababu kubwa ni hewa. Kwa kila kuku unahitaji kama futi 1 ya mraba ya upenyo. Acha mwanya wa inchi 4 na nusu chini ya paa, urefu wote wa futi 8, mbele na nyuma. Kila mwanya ni futi 3 za mraba. Jumla 6, kuku 6. Ubao wa kulalia ukiwa futi 2 na nusu kutoka sakafuni, kichwa cha kuku kinafika karibu futi 4. Mwanya wa nyuma unaanzia futi 4 na inchi 7 na nusu. Upepo unapita juu ya vichwa, unabeba unyevu, haumgusi mtu. Ukijenga ukuta wa nyuma wa futi 4 ili kuokoa mbao, upepo huo unawapiga kuku usoni usiku kucha. Weka kifuniko cha bawaba, na dhoruba ikija funga upande inakotokea tu.

Funika mianya kwa waya wa matundu ya nusu inchi. Ule wavu wa kuku tuliouzoea huzuia kuku kutoka. Panya na kicheche wanapenya.

Ubao wa kulalia uwe wa inchi mbili kwa nne, upande mpana ukitazama juu, futi 1 kutoka ukutani. Kuku anakalia vidole vyake, manyoya yanavifunika. Kwenye fito nyembamba vidole hubaki nje. Viota viwili vya futi 1 kila upande vinatosha, mradi viwe chini kuliko ubao. Vikiwa juu watalala humo na mayai yatapakaa kinyesi. Maji yakae nje, kwenye uwanja ulioezekwa. Kuku sita hunywa kama lita moja na nusu kwa siku, na chombo kikimwagika juu ya maranda, kazi yote ya mianya imekwenda bure.

Mabati peke yake hayafai. Unyevu hupanda, ukakutana na bati baridi, ukadondoka mgongoni mwa kuku kama mvua. Pigilia plaiwudi chini ya bati. Hili liko hata kwenye baridi ya Limuru na Kinangop, Kenya, muulizeni mwenye banda asubuhi ya Julai.

Na kwa ninyi wa Nairobi: usiku wa nyuzi 10 haumtishi kuku mzima. Vifaranga ndio wanahitaji joto. Lakini Julai ikifika, magunia na nailoni vinashonwa kuanzia chini hadi paani, kisha mtu anashangaa mafua yanatoka wapi. Ziba nusu ya chini, juu acha wavu wazi. Jiko la makaa kwenye banda lililozibwa ni sumu kwa kuku na kwako wewe unayeingia kuwaangalia. Taa ya joto juu ya maranda makavu, ikidondoka, banda linaungua.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mashine. Alfajiri, kabla hujawafungulia, fungua mlango, inama mpaka pua iwe kwenye usawa wa ubao wa kulalia. Amonia, ile hewa kali ya kinyesi, ikichoma macho, kwangua kinyesi chini ya ubao na ongeza maranda makavu. Kesho yake bado inachoma? Panua mwanya. Kama paa halikuruhusu kupanua, uza kuku wawili.