Karanga Kwenye Beseni

Mbukwenyi! Haya, walioitikia nimewajua ni wenyeji. Wengine mtazoea, ndiyo mmeshafika Dodoma.

Nimeombwa nizungumze nanyi, watafiti mnaoanza, juu ya kujieleza mbele za watu. Niruhusuni nianze na siku niliyoharibu mimi mwenyewe.

Ilikuwa kijiji kimoja cha Chemba, miaka michache baada ya 2016. Mwaka ule sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, kwenye mahindi iliua watu 20 hapa Dodoma na kwa jirani zetu Manyara, kwa hiyo watu walikuja wenyewe, hawakuvutwa. Nikasimama chini ya mbuyu. Nikasalimia viongozi mmoja mmoja, itifaki ikazingatiwa, ikazingatiwa tena, robo saa ikayeyuka. Ndipo nikaanza: kiwango cha mwisho cha sumu hiyo kinachoruhusiwa kwenye chakula ni sehemu 10 kwa bilioni. Nikafungua majedwali.

Mbele yangu kabisa alikaa mama mmoja na beseni la karanga. Kila mara anachota maji kwa kiganja, ananyunyizia maganda yalainike, kisha anamenya. Nilimwona vizuri tu. Nikaendelea na majedwali.

Naona baadhi yenu mnatikisa vichwa. Unyevu ule ndio unaolisha kuvu! Mhadhara wangu wote ulikuwa ndani ya beseni lile, na mimi nasoma karatasi. Ningemwomba ruhusa tu, "Mama, hebu tuongee kidogo kuhusu haya maji," kijiji kizima kingegeuka kutazama. Angenijibu kwamba maganda makavu yanaumiza vidole, na ni kweli, yanaumiza. Hapo tungekuwa na mazungumzo.

Siku hizi zile sehemu 10 kwa bilioni nazisema hivi: chukua gramu moja ya sumu, isambaze kwenye magunia 1,000 ya kilo 100. Hapo umefika mpakani. Hesabu ni ileile, ila mkulima analijua gunia, bilioni anaisikia kwenye bajeti. Na mwambieni mapema kwamba kupika hakuiondoi, kwa sababu swali hilo litakuja, mtake msitake.

Kuhusu slaidi sina mengi ya kusema. Ukizijaza maandishi utaishia kuzisoma, na sisi kusoma tunajua.

Linalonisumbua zaidi ni hili la kujitambulisha. Nikimuuliza kijana anafanya nini, ama ananiambia "mimi bado mwanafunzi tu, mzee," ama ananimwagia kichwa cha tasnifu, mistari mitatu bila kupumua. Najua tumelelewa kutojikweza mbele ya wakubwa. Mimi pia nililelewa hivyo. Lakini kusema unachokipima si kujikweza.

Mtazameni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa shule ya Magamba kule Lushoto, aliona maziwa yake ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya ya wenzake yaliyopozwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Iringa, alikuja mwanafizikia Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama kuuliza: vyombo viwili, maji ujazo sawa, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, vyote ndani ya friza, kwa nini cha nyuzi 100 kinaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo, lakini angalieni lile swali: vipimo vimo, alichokiona kimo, cheo hakimo. Halikuchukua hata nusu dakika.

Basi tujaribu. Wewe wa shati la bluu, umejificha nyuma ya nguzo, nimekuona. Simama. Unapima nini, na nani hapa mkoani linamhusu?

Hapana, hapana, usianze na "mgeni rasmi". Anza na udongo wako.