Kibubu Kimefika Laki Tano: Hatua Zinazofuata Moja Baada ya Nyingine

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo tunakaa hapa chini kwenye mkeka, na mbele yangu ni kibubu nilichokivunja asubuhi hii. Tazama hizi noti. Za elfu moja moja, za elfu mbili mbili, nyingine zimekunjwa mara nne mpaka zimebaki na alama. Mimi ni fundi cherehani hapa Dar es Salaam, na kila siku niliyofungua meza, ukitoa Jumapili, nilitumbukiza shilingi 3,000. Miezi sita na nusu. Nimehesabu mara mbili: shilingi 507,000.

Kama na wewe umefika hapa, hongera sana, na ninaisema kwa moyo wote, kwa sababu najua ni vitu vingapi umejinyima. Sasa nataka tufanye kazi ya leo kwa utulivu, maana hapa ndipo wengi tunapoteleza. Ukiwa huna kitu, hakuna anayekuja na wazo. Ukiwa na laki tano, mawazo yanakuja yenyewe: kiwanja, kuku, simu mpya, pikipiki ya mkataba.

Mimi iliwahi kunipata. Niliwahi kufikisha laki nne na nusu, nikasikia kuna kiwanja cha kulipia kidogo kidogo, nikatoa laki nne ya kutangulizia. Kiwanja kilikuwa halali kabisa, sikutapeliwa. Wiki tatu baadaye mota ya ovaloki, mashine ya kuziba kingo za nguo, ikaungua nikiwa na sare za shule mezani, wateja wanazisubiri. Sikuwa na akiba, nikaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa inayorejeshwa kila siku. Rejesho la kila siku likala hela ya kiwanja, nikashindwa kumalizia, kiwanja kikaenda. Kosa halikuwa kiwanja. Nilianza na kilichotakiwa kuja mwisho.

Kwa hiyo chukua daftari, kaunta buku ya kawaida tu, na kalamu. Twende.

Hatua ya kwanza: hamisha hii hela, isilale nyumbani. Kibubu kimefanya kazi yake, kimekufundisha kuweka. Kulinda hakiwezi. Mwizi anakijua, moto unakijua, na hata mkono wako mwenyewe unakijua siku gesi ikiisha ghafla. Mimi nagawa mafungu mawili. Laki mbili naziweka kwenye laini ya simu ambayo siitumii kununulia vocha wala kulipia chochote, ili mtoto akiugua usiku wa manane niweze kutoa kwa wakala au kulipa hospitali moja kwa moja. Zilizobaki zinakwenda benki, akaunti ya akiba isiyo na makato ya kila mwezi. Uliza hilo la makato kabla hujasaini fomu. Na kama unaogopa benki kufilisika, kuna Bodi ya Bima ya Amana: tangu mwaka 2023 kinga imepandishwa kutoka shilingi 1,500,000 mpaka 7,500,000 kwa kila mwenye amana. Laki zetu hizi zimo ndani kabisa.

Halafu, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, andika dharura ni nini kwako. Mimi nimeandika mistari mitatu, hii hapa: ugonjwa, mashine kuharibika, msiba wa mtu wa karibu. Basi. Vitenge vilivyoshuka bei Kariakoo havimo. Ukiandika ukiwa umetulia, siku ya presha unasoma tu, hujadiliani na nafsi.

Hatua ya pili ndiyo nitakayokaa nayo muda mrefu, nivumilie. Madeni.

Fungua ukurasa mpya, piga mistari upate safu nne. Nadaiwa na nani. Kimebaki kiasi gani. Nalipa lini. Na safu ya nne, ambayo watu hawaiandiki: nilipokea ngapi na jumla nitarudisha ngapi. Andika yote, hata la dukani kwa Mangi. Usione aibu, daftari ni lako.

Tuchukue mfano. Umechukua kausha damu shilingi 200,000, rejesho ni 9,000 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu na mimi: 9,000 mara 30 ni 270,000. Umelipa 70,000 juu ya laki mbili, ndani ya mwezi mmoja. Hiyo ni asilimia 35 kwa mwezi. Ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, yaani wenye leseni ya kukopesha lakini hawapokei amana za watu, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Angalia vizuri hiyo nukta inakaa wapi. Unalipa mara kumi.

Sasa linganisha. Laki tano ukiiweka mahali panapotoa asilimia 12 kwa mwaka, baada ya mwaka mzima inakuletea 60,000. Mkopo mmoja wa mwezi mmoja umekula 70,000. Ndiyo maana nikisikia mtu ana kausha damu halafu ananiuliza awekeze wapi, namrudisha kwenye ukurasa huu wa madeni kwanza.

Je, uchukue akiba umalizie deni? Hapa usikurupuke. Nenda kamuulize mkopeshaji swali moja: nikimaliza leo, unanipunguzia kiasi gani? Akikupunguzia, toa kwenye lile fungu la benki, malizia, ila zile laki mbili za kwenye simu usiziguse. Akikwambia hakuna kupunguza, jumla ni ileile, basi huna sababu ya kuharakisha. Endelea na rejesho lako mpaka siku ya mwisho, na akiba yako ikae.

Ila nisikilize vizuri hapa: wengi hatuumizwi na mkopo wa kwanza, tunaumizwa na kurudia. Siku unapomaliza rejesho la thelathini, wanakupigia, dada umekuwa mteja mzuri, tunakupandishia mpaka laki tatu. Siku hiyo kataa. Sema asante, nimemaliza. Omba karatasi inayoonyesha umemaliza, chukua na kila ulichoweka dhamana. Kama walishikilia kadi yako ya benki, usitoke bila hiyo kadi mkononi, kisha ukabadilishe namba ya siri.

Mikopo ya programu za simu fanya vilevile, tena uwe makini zaidi, kwa sababu baadhi zinasoma majina yote kwenye simu yako na ukichelewa siku moja wanamtumia ujumbe mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Kabla hujakopa popote, angalia kwenye tovuti ya Benki Kuu kama wana leseni.

Deni la kikoba liweke nyuma ya hayo. Riba yake mara nyingi ni nafuu, na sehemu inarudi kwenu wenyewe mkivunja mzunguko. Lakini usichelewe kulipa, heshima yako kwa wanakikundi ni mali.

Sasa kuna zawadi hapa. Siku ya thelathini na moja, ile 9,000 haitoki tena. Ulishazoea kuishi bila hiyo hela. Kuanzia kesho yake iendelee kutoka, ila iende kwako. Jumlisha na 3,000 ya kibubu, ni 12,000 kwa siku. Hata ukiweza nusu yake, umeshakuwa mtu mwingine.

Hatua ya tatu: mafungu ya vitu unavyojua vinakuja. Hii ni tofauti na dharura, naomba tusichanganye. Kodi ya miezi sita si dharura, mwenye nyumba alikwambia tarehe tangu mwanzo. Kama chumba ni 70,000 kwa mwezi, miezi sita ni 420,000, na ikikukuta hujajiandaa inafagia akiba yote kwa siku moja. Igawe kwa siku zako za kazi. Mimi ni siku 26 kwa mwezi, inakuja kama 2,700 kwa siku. Kalamu na madaftari ya Januari, fanya hivyohivyo.

Na michango. Jamani, michango. Kadi za harusi zinakuja tatu kwa mwezi, kuna kitchen party, kuna arobaini, kuna ubarikio. Sitakwambia usichange, kwa sababu siku yako ikifika ni haohao watakaokaa na wewe usiku kucha. Ila lipe jambo hili fungu lake lenye mwisho. Langu ni 20,000 kwa mwezi. Kadi ikija nafungua daftari, nikikuta imebaki 10,000 nampigia mwenyewe, sijifichi: "Shangazi, shikamoo. Kadi nimeipata, hongereni sana. Kwenye fungu langu mwezi huu kuna elfu kumi, naomba mnipokelee hiyo, na siku ya shughuli nitakuja mapema kuwashonea na kuwapikia." Sijawahi kugombezwa. Watu wanaumia ukikaa kimya, ukisema mapema wanaelewa. Na shangazi akipata fundi wa bure wa kurekebisha magauni ya wasimamizi, hiyo ni zaidi ya elfu hamsini.

Hatua ya nne: kuza akiba ya dharura kutoka laki tano mpaka matumizi ya miezi mitatu. Andika ya mwezi mmoja kama ilivyo, usijipendelee. Mfano wangu huu hapa: kodi 70,000, chakula 210,000, nauli 40,000, umeme na maji 25,000, gesi na mkaa 25,000, shule 30,000. Jumla 400,000. Mara tatu ni 1,200,000. Kama kazi yako ina misimu, lenga hata miezi minne au mitano. Sisi mafundi Ramadhani na Desemba hatulali, halafu Februari unakaa mezani unafuta vumbi. Kwa hiyo msimu ukiwa mzuri weka zaidi, usisubiri wastani.

Kiasi hiki sasa kikizidi mahitaji ya wiki moja mbili, kinaweza kukaa mahali kinapokua. Wengi hapa nchini tunatumia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako watu wengi wanachanganya hela zao na wataalamu wanaziwekeza. UTT AMIS, ambayo ni taasisi ya serikali, ina Mfuko wa Ukwasi: unaanza na shilingi 100,000, unaongeza kuanzia 10,000, na ukitaka hela yako unaomba, inakuja ndani ya siku chache za kazi. Miaka ya karibuni faida yake imekuwa ikizunguka asilimia 12 kwa mwaka, ila hakuna aliyekuahidi kwamba mwakani itakuwa hivyo. Hizo siku chache ndizo sababu nilisema laki mbili zibaki kwenye simu. Homa ya mtoto haisubiri Jumatatu.

Hatua ya tano ni bima ya afya, na nitaisema kwa ufupi ingawa ni nzito. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Nenda ofisi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, au serikali ya mtaa wako, uliza kifurushi cha familia ni kiasi gani na hospitali zipi zinapokea. Upasuaji mmoja unaweza kumaliza milioni yote tuliyohangaika nayo hapo juu. Ukiwa umejiajiri, ulizia na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni, wanapokea wanachama wa hiari.

Baada ya hapo ndipo tunazungumza kiwanja, kuku, hisa. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, zinaanzia shilingi 1,000,000 na zinalipa riba mara mbili kwa mwaka, unanunua kupitia benki au dalali aliyesajiliwa. Hisa ziko Soko la Hisa la Dar es Salaam, ukitulia na muda mrefu. Lakini kwa maoni yangu, kama una kazi ya mikono, kwanza angalia kwenye kazi yako. Ovaloki ya pili kwangu inalipa haraka kuliko karatasi yoyote. Na mtu akikwambia weka laki upate mbili baada ya wiki, funga simu.

Haya, hela za leo nimeshazifunga kwa mpira, nikimaliza kurekodi nakwenda nazo benki kabla hawajafunga. Na hiki hapa ni kibubu kipya, nimekichongesha kwa seremala wa mtaani. Ngoja nikisogeze karibu na kamera mkione. Nimekiandika kwa kalamu nyekundu: KODI. Pembeni nimeweka tarehe ambayo mwenye nyumba atakuja. Elfu mbili na mia saba ya leo ndiyo hii, sikilizeni ikiingia.